Padi ya Bei Chee na Nyuki wa Watani

Siku Nyamizi alipoita nyuki, aliyeitika wa kwanza alikuwa beberu.

Beberu zima, la Shangazi Wande, lilitoka vichakani likasimama mbele ya kinanda, likatega masikio, kisha likajibu. Na kusema kweli jibu lake lilifanana mno na swali. Wanawake wa Usanzuki, waliokuja msituni asubuhi ile kushuhudia maajabu ya msomi wao, wakashikana mabega kwa kucheka.

"Mpe ya pili, Nyamizi! Mwenzio anasubiri!"

"Subirini jamani, bado natafuta sauti," alisema Nyamizi, na yeye mwenyewe anacheka, maana hata angetaka kununa asingeweza.

"Umeshaipata. Ya mbuzi."

Kinanda chenyewe kilikuwa sinthesaiza ya zamani, ya chuma, nzito kama mfuko wa saruji, imejaa vitufe vya kuzungusha kama uso wenye chunusi. Kiliachwa na kwaya moja iliyovunjika. Funguo zake zote zilikwisha kufa, ubonyeze usibonyeze ni kama unabonyeza meza, lakini ndani kizima kabisa. Ndiyo maana Nyamizi alikuwa na padi. Aliipata mnadani, kwenye lile rundo la vitu vya kuchambua, na muuzaji alimwongezea kama nyongeza ya tochi. Ilikuwa na ukubwa wa sahani, nyeusi, ya mpira mpira, pembeni imetafunwa na mtoto wa watu.

"Hebu nieleze tena," alisema Shangazi Wande huku akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. Alikuwa mwenyekiti wa warina asali wa Usanzuki na papo hapo dada wa baba yake Nyamizi, kwa hiyo alikuwa na haki ya kumcheka mara mbili. "Kinanda kina sauti ila hakina vidole. Hako kasahani kana vidole ila hakana sauti."

"Ndiyo, Shangazi. Padi ni bubu. Ukiigusa, inapeleka maneno tu kwenye huu waya wa midi: piga noti hii, kwa nguvu kiasi hiki, sasa panda, sasa shuka. Ukisogeza kidole kulia sauti inapanda. Ukikisogeza juu inang'aa. Kinanda kikipokea maneno ndiyo kinaimba. Kwa hiyo padi ni mshenga. Haoi yeye, anapeleka habari."

"Mshenga wa bei chee."

"Chee kabisa!"

Wakacheka tena, lakini safari hii macho yao yalipanda juu, kwenye mizinga. Ilining'inia kila mti, mitupu, imekauka, mingine buibui wameshapanga. Kanuni ya msitu ilikuwa fupi: mitundu, ile miti ya maua ya asali, ikimaliza kuchanua na mizinga yako haina kitu, kitalu chako anapewa mwingine. Na mitundu ilikwisha kuanza kudondosha maua. Ukitembea, yanakunasa kwenye nywele.

Nyuki wa siku hizi sio wale wa hadithi za bibi. Wale waliisha katika Miaka ya Ukimya, miaka ambayo maembe yalichanua bure na watu wakajifunza kuchavusha maboga kwa unyoya wa kuku. Hawa walitoka maabara, wakalelewa na minara. Mnara ukitoa sauti ya malkia, kundi linafuata, linaingia mzingani, basi. Ila mnara wa Usanzuki ulikuwa unaimba tangu mvua za kwanza na hakuna aliyefuata. Sauti yake ilikuwa safi, imenyooka kama rula. Chuoni, kwenye darasa la sauti, Nyamizi aliwahi kumuuliza mwalimu kama kuna kiumbe chochote kinacholia hivyo, na mwalimu akamwambia aache utundu.

Basi alipiga, akapiga. Alizungusha vitufe hadi vidole vikauma. Tatizo lilikuwa padi. Padi za maana ukiweka kidole zinajua kiko wapi. Hii ilikuwa haijui. Kidole kimetulia tuli, yenyewe inakiripotia kinanda: kimeenda kulia, hapana, kushoto, hapana, kimerudi. Na kinanda, mtiifu, kinatetemesha sauti kama mtu mwenye homa. Kila alichojaribu kilizidisha mtetemo. Baadhi ya wanawake wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kuangalia maharage yao jikoni.

Mwishowe Nyamizi akakata tamaa kwa upole, kama mtu anayeacha kubishana na mtoto. Akapunguza mng'ao hadi chini ili ule mtetemo usisikike sana, akaweka kidole kimoja katikati, akakiacha hapo, akaanza kufikiria chakula cha mchana.

Teeeee, kinanda kikasema, kwa kutetemeka. Te, te, te.

Kuna kitu kikatua kwenye ukucha wake.

Nyamizi akainamisha macho tu, kichwa hakukisogeza. Nyuki. Mmoja, mnene, anajipangusa uso kwa miguu ya mbele kama mgeni aliyefika mlangoni na vumbi la safari. Akaja wa pili. Halafu msitu wote upande wa mashariki ukaanza kuunguruma kama sufuria kubwa inayokaribia kuchemka.

"Shangazi," alisema bila kufungua meno. "Shangazi, usikimbie."

"Nikimbie niende wapi," Shangazi Wande alinong'ona. Alikuwa amesimama na mikono yake miwili hewani, na nyuki walikuwa wakipita katikati ya vidole vyake kama maji.

Walikuja wingu zima. Walizunguka kinanda, wakalizunguka beberu, ambalo kwa mara ya kwanza maishani lilinyamaza, kisha wakapanda mizingani, mmoja baada ya mwingine, mti baada ya mti. Kile kisanduku cha kijivu kilichopigiliwa kwenye mninga mkubwa, ambacho watu walikiita Msajili, kikakohoa. Msajili alikuwa na masikio madogo ndani ya kila mzinga na alizungumza Kiswahili cha redio ya zamani.

"Taarifa. Kitalu cha Usanzuki. Mizinga yote imekaliwa. Kwa mujibu wa kanuni, nyuki ni mali ya mzinga waliouingia. Hongereni."

Hakuna aliyethubutu kupiga kelele. Kwa hiyo wanawake wa Usanzuki walifanya kitu ambacho hakijawahi kufanyika tangu dunia iumbwe: walipiga vigelegele vya kunong'ona.

*

Mchana ule hakuna aliyepika kwake. Kila mtu alibeba chungu chake hadi uwanjani kwa Shangazi Wande, na wanzuki ya mwisho ya kijiji, pombe ya asali iliyokuwa imehifadhiwa kwa msiba mkubwa, ikafunguliwa kwa furaha kubwa. Nyamizi alikalishwa kwenye kiti chenye mto. Padi iliwekwa juu ya kitambaa cha mezani kama keki ya harusi na watoto wakaambiwa waitazame kwa macho tu.

Katikati ya nyimbo akaingia Pazi, anasukuma baiskeli.

Pazi alikuwa wa Mzizima Mpya, ng'ambo ya korongo, upande wa mashariki. Bahari ilipopanda, mitaa ya pwani ilihamia bara mtaa kwa mtaa, na ngoma zake na majungu yake, na serikali kwa utundu wake ikawaweka Wazaramo jirani na Wanyamwezi, watani wao wa tangu enzi za misafara. Tangu hapo hakuna kuku aliyelala kwa amani upande wowote. Ukifiwa, mtani anakuja kumlilia marehemu wako kwa kumtukana. Ukioa, mtani anakaa kwenye kiti chako na anakataa kuondoka.

"Nimesikia mnakula, nikajua kuna mtu kawaibia chakula," alisema Pazi.

"Mzaramo akisikia sahani anapona hata malaria!" Shangazi Wande akamjibu. "Kaa. Ngoma umeiacha wapi?"

"Nimekuja kuazima mzinga mmoja wenye nyuki. Mmoja tu. Wetu wameondoka leo asubuhi."

Uwanja ukapiga kelele za raha.

"Wameondoka wote?"

"Wote. Wameinuka kama wamepigiwa honi ya basi."

"Wamechoka mdundiko!" alisema mama mmoja. "Mchana ngoma, jioni ngoma, nyuki gani anaweza kuishi na nyie?"

"Hata nyuki anataka jirani mfanyakazi!"

Pazi alicheka pamoja nao. Alikuwa na kicheko kizuri, cha kutoka tumboni, na kwa kawaida angewarudishia matusi mpaka mtu aombe poo. Ila Nyamizi alikuwa amekaa karibu naye, akaona kwamba badala ya kuwajibu alikuwa anafunga na kufungua fundo la kamba aliyokuja nayo kufungia mzinga kwenye baiskeli. Mitundu ya Mzizima Mpya nayo ilikuwa inadondosha maua. Watu wale walikwisha kuhama mara moja, walihamishwa na maji.

Halafu nyuki mmoja akatua mezani, pembeni ya padi, kufuata tone la wanzuki. Nyamizi akamtazama kwa mapenzi, kama mama anavyomtazama wa kwake. Miguu yake ilikuwa myeupe.

Wazaramo wa Mzizima Mpya walipaka chokaa kila kitu: kuta, mawe ya mlangoni, vigogo vya miti barabarani. Walipopewa mizinga wakaipaka chokaa nayo, hadi mdomoni anapopita nyuki, na Wanyamwezi walicheka wiki nzima kwamba hawa watu wamejengea wadudu zahanati. Chokaa ile ndiyo ilikuwa miguuni.

Nyamizi akamfunika yule nyuki kwa bilauri.

*

"Nimeiona hiyo chokaa," alisema Shangazi Wande. Walikuwa wawili tu jikoni, moshi unawatoa machozi. "Nimeiona asubuhi ile ile, walipopita mikononi mwangu. Unafikiri mimi kipofu?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mzinga wako, nyuki wako. Ndivyo mababu walivyosema, ndivyo Msajili anavyosema. Nyuki hana kamba shingoni. Akiingia kwako amekuchagua."

"Hawakuchagua, Shangazi. Niliwaita kwa sauti ya malkia ambaye hayupo."

"Na mwanaume akiitwa na mrembo akaja, utasema hakuchagua?"

"Kama mrembo mwenyewe ni redio, ndiyo!"

Shangazi Wande alitaka kukasirika lakini kicheko kikamtoka puani. Akachochea moto. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nyamizi mwanangu. Mimi nimezika mume kwenye kitalu hiki. Hao waliojaa uwanjani hawana pengine pa kwenda. Ukisema, tutarudi kwenye mizinga mitupu, na maua hayatatusubiri. Usiposema, hakuna atakayejua. Sheria iko upande wetu. Unataka nini zaidi ya sheria?"

Nyamizi akainuka. Akaenda msituni, kwenye mninga, akamuuliza Msajili.

"Nyuki akiitwa kwa hila ni wa nani?"

"Ni mali ya mzinga alioingia."

"Hata kama waliitwa kutoka kwa mtu?"

"Kanuni haiulizi walikotoka. Kanuni inauliza waliko."

Jibu hilo lingeweza kumtosha. Alilirudia mara mbili akitafuta utamu wake. Alijaribu hata kuwarudisha kimyakimya: akabeba padi na kinanda hadi ukingo wa korongo, akapiga ile ile teeee, te, te, te, akiwaelekeza mashariki. Nyuki wachache walitoka, wakamzunguka kwa adabu, wakarudi ndani. Walikwisha kuanza kujenga masega. Kuita aliweza. Kufukuza, padi haikuwa na noti yake.

Ndipo alipoelewa kinachomkera. Zamani utani ulikuwa hivi: mtani anachukua kuku wako mbele ya macho yako, anakimbia naye anacheka, na wewe unamfukuza unacheka, na wote mnajua. Ukichukua bila mwenyewe kujua, hapo hakuna utani. Hapo umeiba tu kama mtu mwingine yeyote.

Akachukua mkokoteni. Akapakia kinanda, betri na padi, akashuka korongoni.

*

Mzizima Mpya walikuwa wamekaa barazani, mbele ya kuta zao nyeupe, kama watu wanaosubiri maiti iletwe. Hata ngoma ilikuwa imelazwa. Pazi alisimama alipomwona. Mama yake, Bi Kidawa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuuzia samaki, alibaki amekaa.

"Umetuletea mziki wa kutuliwaza?" aliuliza Bi Kidawa.

"Nimeleta habari, mama. Nyuki wenu wako kwetu. Mimi ndiye niliyewaita."

Akawaeleza yote, bila kupumzika, kwa sababu alijua akipumzika atashindwa: kinanda, padi inayotetemeka, malkia wa uongo, chokaa miguuni. Akawaeleza na alichosema Msajili. Alipomaliza, Nyamizi akajisikia kama mtu aliyevua viatu kwenye siafu.

Pazi alishuka barazani hadi kwenye mkokoteni.

"Babu zenu," alisema taratibu, "walibeba pembe za watu."

Akaushika mkono wa mkokoteni.

"Walibeba chumvi za watu. Walibeba hadi wazungu. Tukasema, hawa ni wapagazi, mizigo ya watu ndiyo asili yao. Lakini nyuki, Nyamizi! Mmebeba hadi *nyuki*!"

Na baraza likalipuka. Bi Kidawa alicheka hadi akalazimika kushikwa. "Mtani kaiba!" alipiga kelele. "Mtani kaiba na kajileta mwenyewe! Mfungeni!" Wakamfunga Nyamizi mikono kwa kanga, fundo la utepe, kama zawadi. Mpiga ngoma wao, Kibwana, jitu la mapande mawili ya mtu, akaivaa ngoma yake kubwa shingoni, na mdundiko ukaanza. Mji mzima ukaingia njiani, mkokoteni mbele, mwizi katikati, viuno nyuma. Nyamizi alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Alipojaribu kujifuta pua kwa mikono iliyofungwa, Bi Kidawa alimfuta kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto.

Lakini kwenye mwinuko wa korongo, Pazi alimsogelea na kicheko chake kilikuwa kimeisha.

"Asante kwa kusema," alisema. "Ila tukiwachukua wote, nyie mnakwisha. Tukiwaacha, sisi tunakwisha. Una noti ya hilo?"

"Sina," alisema Nyamizi.

*

Shangazi Wande aliwasubiri chini ya mizinga, mikono kiunoni, Usanzuki yote nyuma yake.

"Mnakuja kuzika au kuoa?"

"Tunakuja kudai!" alisema Bi Kidawa. "Nyuki wetu wamelala kwenye magogo yenu machafu!"

"Machafu? Wameikimbia zahanati yenu! Wamechoka kupaliwa na chokaa!"

"Mwizi!"

"Mvivu!"

Walikuwa wanatukanana kwa tabasamu, pua kwa pua, lakini kila mmoja macho yake yalikuwa yanazunguka mizinga na maua yanayodondoka, na kila mmoja alijua tabasamu la mwenzake limebeba nini. Mara Shangazi Wande akamgeukia Nyamizi, na hapo hakukuwa na utani hata chembe.

"Umewaleta wewe. Haya, gawa."

Nyamizi alifunguliwa mikono. Akaunganisha waya, akawasha kinanda juu ya mkokoteni, akaweka kidole kwenye padi. Teeee. Nyuki wakatoa vichwa mizingani. Wakatazama. Basi. Akajaribu juu, akajaribu chini. Hakuna.

"Lete hapa," alisema Pazi. "Ni nyuki wetu, wananijua. Nitawaita mwenyewe."

"Huwezi, hujui hata pa kugusa."

"Sahani ina sehemu ngapi za kugusa?" Akaikamata padi upande wake. Nyamizi hakuiachia. Wakavutana, kidole cha Nyamizi bado kikiwa kushoto, na kidole gumba cha Pazi kikatua kulia.

Sasa padi ya maana, ukiiwekea vidole viwili, inavihesabu viwili. Padi ya bei chee inajua kidole kimoja tu duniani. Ikipewa viwili inachanganyikiwa: inakimbilia hiki, inaona kile, inarudi hiki, inaapa ni kile. Kinanda kikaanza kurukaruka kati ya sauti mbili, moja nyembamba na ndefu, nyingine nzito na ya kukatakata.

Teeeee. *Kwa, kwa, kwa.* Teeeee. *Kwa, kwa, kwa.*

Mizinga yote ikanyamaza ghafla. Hata Bi Kidawa alinyamaza.

"Usiinue," alisema Nyamizi. "Pazi, nakuomba, usiinue hicho kidole."

"Kwani nimefanya nini?"

"Hao ni malkia wawili! Ndivyo wanavyofanya kundi linapotaka kuzaa kundi lingine. Mmoja yuko nje anasema, mimi hapa. Mwingine bado yuko kwenye sega, kafungiwa, anajibu, na mimi hapa. Wanajibizana. Nyuki wakisikia hivyo wanajua nyumba imejaa, inabidi..."

Hakumaliza. Walitoka. Walimwagika kutoka kila mzinga kama mtama kutoka gunia lililopasuka, wakapanda juu ya miti, wakawa paa moja linalozunguka. Kivuli chake kikapita juu ya nyuso za watani wote. Halafu, taratibu, lile paa likaanza kuchanika katikati. Kila nyuki alionekana anafikiri. Wengine walikwenda huku, wakasita, wakarudi kule. Hakuna aliyewaelekeza, maana padi ilikuwa inasema pande zote mbili kwa pamoja.

Wingu moja likashuka, likarudi mizingani.

Jingine lilikaa hewani likitafuta pa kutua. Kubwa zaidi, kila mtu aliliona, na Shangazi Wande akafumba macho. Likazunguka mara moja, likachagua ngoma ya Kibwana.

Lilitua juu yake lote. Ngoma ikapotea, ikawa mnyama mwenye manyoya anayehema. Kibwana alibaki ameivaa shingoni, mikono yake mikubwa hewani, macho yamemtoka.

"Bi Kidawa," alisema kwa sauti ya mtoto. "Sasa mimi nifanyeje?"

"Tembea, Kibwana. Tembea nyumbani, baba. Polepole."

Msajili akakohoa mtini. "Taarifa. Nyuki wamebainika juu ya chombo kisichotambuliwa. Tafadhali taja mwenye mali."

Bi Kidawa na Shangazi Wande wakatazamana.

"Andika kwamba wako njiani," alisema Shangazi Wande. "Na mtu asiye na adabu ndiye anayewauliza wasafiri ni mali ya nani." Kisha akamgeukia mtani wake. "Mmechukua kundi kubwa, nyie wezi. Na mimi nakuja huko huko kuhakikisha mnalilaza vizuri. Mkipaka chokaa tena nawafunga kanga wote."

Wakaanza safari. Mbele Kibwana na ngoma yake hai, hatua moja, hatua moja, kama bibi harusi. Nyuma yake mkokoteni wa kinanda, ukisukumwa na wazee wawili wa pande mbili waliokuwa wakigombana kwa ishara. Pembeni ya mkokoteni Nyamizi na Pazi, padi katikati yao, vidole vyao viwili vimebandikwa, kwa sababu kila mmoja alipojaribu kukiinua kidogo tu, nyuki wa kwenye ngoma waliinuka nao. Na nyuma yao Mzizima Mpya na Usanzuki, mamia ya watu, wanacheza mdundiko bila ngoma. Hakuna sauti isipokuwa nyayo na kanga. Viuno vilijua. Watu wakageuka pamoja, wakainama pamoja, wakainuka pamoja, mdomo umefumbwa, mashavu yamevimba kwa kicheko kilichozuiwa.

"Kidole kimekufa ganzi," Pazi alinong'ona.

"Changu kilikufa korongoni."

"Nyie wapagazi mmezoea."

"Nyamaza utembee."

Walipofika, Kibwana alisimama chini ya mizinga myeupe na kungoja. Bi Kidawa alikwangua chokaa ya mdomoni kwa kucha zake mwenyewe, mzinga baada ya mzinga. Nyuki wa kwanza akaingia, akatoka, akaingia tena. Wakamfuata. Ngozi ya ngoma ikaanza kuonekana, kiduara, halafu nusu, halafu yote. Nyuki wa mwisho alizunguka ukingoni kama aliyesahau kitu, akaruka, akaingia.

"Wameingia wote," alisema Shangazi Wande. "Nyie wawili, inueni vidole."

Padi ikaendelea kujibizana. Teeeee. *Kwa, kwa, kwa.*

"Nimesema wameingia wote!"

"Tumesikia, Shangazi," alisema Nyamizi, bila kuinua.

Kibwana aliitazama ngoma yake. Akaitazama mikono yake, ambayo ilikuwa imekaa hewani njia nzima. Akamtazama Bi Kidawa kuomba ruhusa, na Bi Kidawa akamtazama Shangazi Wande, na Shangazi Wande, mwenyekiti wa warina asali wa Usanzuki, akakaza kanga yake kiunoni.

"Unasubiri nini wewe?" alisema. "Piga!"

Akapiga.